Kipa wa Kona Zilizolika

Kiingilio buku, na muhuri wa bluu mgongoni mwa mkono
kama watu waliokuja kuchanjwa.
Ukumbi wa parokia, Kirumba, Jumamosi, saa nne na robo.
Feni moja inazunguka, ya pili ilishakata tamaa,
na kila mlango ukifunguliwa, harufu ya dagaa wa Mwaloni
inaingia bila kulipa.

Kwapani nina kopo la maziwa ya unga.
Ndani, kadi arobaini na moja za wachezaji,
zile zilizokuja na bablish.

Meza ya kwanza, Lugembe: senti za kikoloni zenye tundu,
kazitunga kwenye kamba ya kiatu kama perege.
Ya pili, Kokushubira, kadi za simu za vibandani.
"Hii bado ina salio," ananiambia, "uniti kumi na mbili,
ila simu ya kuichomeka ndiyo hakuna."
Akacheka.
Mimi nikabaki na zile uniti kumi na mbili,
nawahesabu niliokuwa niwapigie.

Kwa Jivraj kuna kioo, glavu nyeupe, lenzi jichoni kama fundi saa.
Mshambuliaji mmoja kalala ndani ya plastiki:
laki tatu na nusu.
"Haijaguswa," anasema,
kwa sauti ya mshenga anayemsifia mwari.

Nikamtoa wangu. Kipa, namba thelathini na moja.
Jina lake lilifutwa na mate yetu, tukamwita Nyavu.
Jivraj akamgeuza kwa kibanio.
"Kona zimelika. Mgongoni kuna wino.
Huyu hana bei, dada. Ungemtunza..."

Ungemtunza!
Huyu nilimla kwa Doto, nyuma ya vyoo vya shule,
mvua ikinyesha upande mmoja tu wa uwanja.
Amelala kwenye soksi.
Amevuka kwenda Ukerewe ndani ya daftari la hesabu,
akaloa, akaanikwa juu ya jiwe, akapinda,
akanyooshwa chini ya godoro la bibi.
Na huo wino ni majina: Doto, mimi, Doto, Magesa, mimi.
Kona hazikulika zenyewe, Bwana Jivraj.

Hayo sikuyasema. Nilisema, "Asante."

"Sasa analiwaje?"
Mtoto wa Lugembe, Sayi, kandambili moja nyekundu, moja ya kijani.

Nikapiga magoti kwenye saruji,
mimi, mhasibu wa kiwanda cha minofu, na sketi yangu ya kazini.
Nikamlaza kipa kifudifudi.
Kunja kiganja kidogo, kama unateka maji.
Usimpige yeye. Piga hewa iliyo pembeni yake.

Paa!
Akainuka, akageuka, akanitazama.

Sayi akajaribu: hola.
Akajaribu tena: vumbi tu.
Kokushubira akaja na kadi yake na uniti zake zote kumi na mbili,
akaiweka chini. "Twende."
Akaja mtu wa lebo za bia. Akaja mlinzi wa mlangoni,
hana kadi, akaweka kitambulisho cha kazi.
Paa, paa, ukumbi mzima unapiga sakafu,
na Jivraj kakumbatia kioo chake, plastiki zinatetemeka,
analalamika kwa Kigujarati, kisha kwa Kisukuma,
kisha nikamwona
anavua glavu moja.

Saa tisa natoka, kopo limekuwa jepesi.
Nina kitambulisho cha mlinzi; nitamrudishia Jumatatu, labda.
Makorongo juu ya paa la soko yamejikunyata
kama wakopeshaji.
Kiganja kinawaka, muhuri umeyeyuka kwa jasho.

Kipa kaenda kwa Sayi. Kuliwa ni kuliwa.
Nilimwazima kalamu, akaandika jina chini ya langu,
S kaigeuza nyuma mbele.
"Mwezi ujao nakuja kumchukua," nikamwambia.

Hakunisikia. Alishamweka puani,
macho kayafumba:
"Mbona ananukia peremende?"